Sura ya Sita: Kuuliza Mbele za Watu

Asiyeifahamu kazi ya kuandika programu humdhania msanidi kuwa mtu mpweke: yuko mbele ya kompyuta, amevaa vipokea sauti, hasemi na mtu. Kumbe siku nzima yumo katika mazungumzo. Asubuhi amekutana na ujumbe wa hitilafu asiouelewa, akaunakili na kuutafuta mtandaoni, akaangukia swali la mtu wa Brazil aliyekwama papo hapo miaka minane iliyopita, na chini yake jibu la mtu wa Poland. Akasoma ubishi wa watu sita kuhusu kama jibu hilo bado linafaa. Akajaribu, ikakubali. Mchana ameletewa maoni juu ya msimbo aliouwasilisha jana: badilisha jina la kigeu hiki, eleza kwa nini umefuta mstari ule. Jioni kuna kijana kwenye kundi la Telegram anaomba msaada wa kuunganisha hifadhidata, naye anamjibu kwa sababu tatizo hilo lilimnyima usingizi wiki iliyopita.

Sura zilizotangulia zilihusu lugha za kompyuta na zana za kazi. Hii inahusu mazungumzo ya watu. Ninaamini ufundi huu umekua upesi kuliko fani nyingine nyingi kwa sababu mazungumzo yake yalifanywa hadharani, yakaandikwa, yakabaki pale kwa yeyote aliyekuja baadaye. Ninaamini pia kwamba sisi wa Afrika Mashariki tunazungumza sana na tunaacha kidogo mno.

Intaneti yenyewe ilijengwa kwa barua za kuomba maoni. Tarehe 7 Aprili 1969, Steve Crocker, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika waraka mfupi kuhusu namna kompyuta za mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, zingewasiliana. Yeye na wenzake walikuwa wanafunzi tu, na alihofia kwamba wakubwa wangewaona wamejitwalia mamlaka yasiyo yao. Kwa hiyo akauita waraka huo ombi la maoni. Unyenyekevu ule ukawa utaratibu. Hadi leo kanuni za intaneti hutolewa katika mfululizo uleule, zikiwa na namba, na sasa nyaraka hizo zimepita elfu tisa. Waraka namba 1 bado unasomeka, bure, na mtoto wa sekondari wa Morogoro anaweza kuufungua kama profesa wa Los Angeles.

Miaka 22 baadaye, tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa Minix kwenye makundi ya majadiliano ya Usenet. Minix ulikuwa mfumo mdogo wa uendeshaji uliotungwa na Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia. Torvalds alisema anatengeneza mfumo wake wa bure, kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa kitu kikubwa. Kisha akauliza watu wanapenda nini katika Minix na hawapendi nini. Watu hukumbuka utabiri wake ulivyokosea, maana leo kiini cha Linux kimo ndani ya kila simu ya Android. Mimi huvutiwa zaidi na lile swali. Hakuja na kitu kilichokamilika akataka kupigiwa makofi. Alikuja na kazi nusu, mbele ya watu wanaojua kuliko yeye, akauliza.

Wala hawakumbembeleza. Mwishoni mwa Januari 1992, Tanenbaum mwenyewe aliandika palepale kwamba Linux imepitwa na wakati, kwa kuwa kiini chake ni kipande kimoja kikubwa badala ya sehemu ndogo zinazoshirikiana. Torvalds akajibu kwa hasira, kisha akaomba radhi kwa ukali wa maneno bila kuacha msimamo wake. Wengine wakaingia. Mwanafunzi wa leo anayetaka kuelewa viini vya mifumo ya uendeshaji bado hutumwa akasome ubishi ule, kwa sababu pande zote mbili zilitoa hoja zao mbele ya mashahidi.

Mfano wa nyumbani upo, na kwangu mimi ndio mkubwa. Mwanzoni mwa Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwanasheria Ory Okolloh aliandika mtandaoni akiuliza kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea. Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich wakaitikia pamoja na wengine. Hawakuwa wamekaa mji mmoja, wala hakuna aliyesubiri barua ya uteuzi. Katika siku chache Ushahidi ikawa hewani, wananchi wakituma taarifa kwa ujumbe wa simu na kwa tovuti. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Programu hiyo ni huria, na ilianza na swali moja lililoulizwa wazi.

Sasa tuje kwenye maswali ya kila siku, ambayo hayaanzishi mifumo wala kuokoa nchi, lakini ndiyo yanayoendesha kazi.

Ingia kwenye kundi lolote la wasanidi wa Nairobi linaloshughulika na malipo ya simu. Tangu mwaka 2017 Safaricom ilipofungua Daraja, yaani njia ya programu za watu wengine kuzungumza na M-Pesa, kuna swali linalorudi na kurudi. Mtu anaandika: "Wasee, malipo yanapita lakini sipati majibu. Nani anaweza kunisaidia?" Kimya. Anaongeza picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda, nusu ya maandishi hayasomeki. Mmoja anamuuliza anatumia lugha gani. Mwingine anamwambia aangalie namba ya simu, ianze na 254 na si 07. Wa tatu anamwambia nenosiri lazima liundwe upya kila mara kutokana na namba ya biashara, ufunguo na saa ya ombi. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalohusu tatizo lake. Baada ya saa tatu inagundulika kwamba anwani aliyoiweka ili M-Pesa imrudishie matokeo ni ya kompyuta yake mwenyewe, iliyo mezani pake, ambayo mtandao wa nje hauwezi kuifikia. Anahitaji anwani ya hadharani yenye usalama wa https, au njia ya kupitisha mawasiliano hadi kwenye mashine yake wakati wa majaribio. Anaifanya, inakubali, anaandika "Imeshika, asanteni sana," na mazungumzo yanaisha.

Yale masaa matatu yangekuwa dakika tatu kama angeandika mambo manne tangu mwanzo: nilikuwa nataka nini kitokee, nini kimetokea, msimbo mfupi kabisa unaoonyesha tatizo, na ujumbe wa hitilafu ukiwa maandishi yaliyonakiliwa. Picha haitafutiki wala haiwezi kunakiliwa na anayetaka kukujaribia. Kufupisha msimbo hadi ubaki ule unaoleta tatizo tu ni kazi inayochosha, na mara nyingi mtu hupata jibu kabla hajamaliza. Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao cha mwaka 1999 kuhusu ufundi wa programu, walisimulia habari ya msanidi anayemweleza bata wa mpira tatizo lake, mstari kwa mstari, hadi analiona mwenyewe. Swali lililoandikwa vizuri hufanya kazi hiyohiyo.

Kuna kosa jingine lililo gumu zaidi kuliona ukiwa ndani yake. Mtu ana tatizo la kwanza, amebuni njia ya kulitatua, njia imekwama, naye anauliza kuhusu ile njia tu. Anauliza namna ya kukata herufi tatu za mwisho za jina la faili, kumbe anachotaka ni kujua aina ya faili, na zipo aina zenye herufi nne. Atajibiwa alichouliza na bado atakwama. Kwa hiyo mjibu mzuri huuliza kwanza: mkuu, unataka kufikia wapi hasa?

Na salamu je? Hapa ndipo malezi yetu yanapokutana na desturi ya wageni, na wengi wetu huumia bila kusema. Ukiandika kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya wasanidi, ukaanza na habari za asubuhi na kumalizia na shukrani, wahariri watazifuta. Wanataka swali tupu. Kwa Mswahili kufutiwa salamu ni kama kufungiwa mlango usoni, na nimewaona vijana wenye uwezo wakiondoka pale wakiamini wametukanwa. Hawakutukanwa. Ukurasa ule umetengenezwa usomwe na maelfu watakaokuja baadaye, nao wanatafuta jibu moja. Lakini kwetu pia tuna upande wetu wa kurekebisha: mtu anaingia kundini, anaandika "Habari zenu wakuu," ananyamaza. Anangoja aitikiwe ndipo aulize. Wanaofanya kazi wameangalia simu, wameona hakuna swali, wamerudi kwenye shughuli zao. Au anauliza, "Kuna mtu anayejua Python humu?" Wapo mia wanaoijua, lakini hakuna anayejua kama anajua *hicho* anachokitaka yeye. Msimamo wangu ni kwamba salamu ibaki, iandamane na swali katika ujumbe uleule. Heshima itakuwepo na muda wa watu utakuwepo.

Saa nazo zinatutenga. Ukiuliza saa mbili asubuhi Dar es Salaam, San Francisco ni usiku wanajiandaa kulala, na New York wamekwisha kulala. Swali lako linakaa hadi alasiri. Jibu likija na lina ombi la maelezo zaidi, nawe umefunga kazi, imepotea siku nyingine. Kwa anayeishi huku, swali lenye kila kitu tangu mwanzo ndilo linaloamua kama kazi itaisha wiki hii au ijayo. Hilo mtu wa California halimgusi sana, na vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wa kule.

Upande wa wanaojibu una habari yake. Wengi hawalipwi. Wanajibu kwa sababu waliwahi kujibiwa, au kwa kupenda kufundisha, au kwa sifa. Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, iliitambua hamu hiyo ya sifa ikaipa alama: jibu zuri hupigiwa kura, kura huongeza hadhi ya mtu, hadhi humpa mamlaka ya kuhariri na kufunga maswali ya wengine. Mpango huo ulizaa hazina kubwa ya majibu. Pia ulizaa walinzi wakali. Mgeni aliuliza, dakika chache baadaye swali limefungwa kwa sababu liliwahi kuulizwa, na pengine lile la zamani halifanani na lake. Aprili 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba watu wengi waliiona sehemu ile kuwa haina ukarimu, hasa wageni, wanawake na watu wasio weupe.

Mwaka huohuo ukali ulifikia kikomo kwingine. Kwa miaka mingi Torvalds alijulikana kwa kuwashambulia kwa matusi walioleta msimbo mbaya, na wapo waliotetea jambo hilo wakisema ndilo lililolinda ubora. Tarehe 16 Septemba 2018 aliandika akiomba radhi kwa mashambulizi yake ya kibinafsi, akapumzika kwa muda kwenda kutafuta msaada wa kuelewa hisia za watu, na mradi ukapokea kanuni mpya za mwenendo. Linux haikuharibika. Matoleo yaliendelea kutoka kwa ratiba ileile. Kwangu huo ni ushahidi wa kutosha kwamba msimbo mbaya unaweza kukataliwa bila kumdhalilisha mwandishi wake.

Ubishi mwingine unahusu mambo madogo, na watu wa fani wana mfano wao wa kuuelezea. C. Northcote Parkinson aliandika mwaka 1957 kuhusu kamati inayopitisha mtambo wa nyuklia kwa dakika chache, halafu inabishana muda mrefu juu ya banda la baiskeli, kwa kuwa banda kila mtu analielewa. Mwaka 1999 Poul-Henning Kamp wa Denmark aliwakumbusha wenzake wa mfumo huria wa FreeBSD mfano huo, na tangu hapo umeshika. Lakini dogo linaweza kuumiza. Julai 2018 Guido van Rossum, aliyeitunga Python na kuiongoza kwa karibu miaka thelathini, alijiuzulu uongozi baada ya mabishano makali kuhusu alama mbili tu, nukta pacha na alama ya usawa zilizowekwa pamoja. Alishinda hoja, alama zikaingia katika toleo la 3.8, lakini alichoka kupigania uamuzi na kuona watu wakiuchukia. Leo Python inaongozwa na baraza la watu watano wanaochaguliwa.

Uchovu huo wa wasimamizi una hatari ambayo msomaji asiye fundi anapaswa kuijua, kwa sababu inamhusu hata yeye.

Ipo programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, inayopatikana karibu katika kila seva ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Mfini mmoja, kwa muda wake wa ziada, bila malipo. Mwaka 2021 ikatokea akaunti ya Jia Tan, ikaanza kuleta marekebisho mazuri. Mwaka 2022 zikajitokeza akaunti nyingine, zisizojulikana zilikotoka, zikimlalamikia msimamizi: mbona unachelewa, mbona hujali, kabidhi kazi kwa mwingine. Msimamizi akajibu kwa unyenyekevu kwamba afya yake ya akili haikuwa nzuri, na kwamba mradi huo ni wa hiari. Hawakumwonea huruma. Hatimaye Jia Tan akapewa mamlaka. Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo mawili yenye mlango wa siri, uliofichwa ndani ya mafaili ya majaribio, ambao ungempa mwenye ufunguo uwezo wa kuingia katika seva za watu.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulikia hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa anapima kasi ya kitu kingine kabisa, akaona kuingia kwenye mashine kwa njia ya ssh kunachukua takriban nusu sekunde zaidi. Hakupuuza. Akafuatilia hadi mwisho, na tarehe 29 Machi 2024 akaandika barua kwa jumuiya ya usalama wa programu huria, akieleza alichokiona, alivyokiona, na asichokuwa na hakika nacho. Kabla ya siku kwisha dunia nzima ya Linux ilikuwa inarudisha matoleo ya zamani. Mlango ule ulikuwa haujafika katika matoleo thabiti ya mifumo mikubwa.

Barua ya Freund ni ripoti bora ya hitilafu niliyowahi kusoma, nami huwapa wanafunzi waisome. Ila kuna jambo lililofuata ambalo ni la thamani sawa. Kwa kuwa barua zote za mradi wa xz zilikuwa wazi, wachunguzi waliweza kurudi nyuma miaka miwili na kuona mtego ulivyotegwa, neno kwa neno: nani alimsukuma msimamizi, lini, kwa lugha gani. Kama mazungumzo yale yangefanyika kwenye simu za watu, tusingejua mbinu, na zingetumika tena kesho bila mtu kuzitambua.

Hapo ndipo narudi kwenye makundi yetu. Yule kijana wa malipo ya simu amesaidiwa, na jibu lake limezama. Kwa kawaida anayejiunga na kundi la WhatsApp leo haoni yaliyosemwa mwezi uliopita, na injini za kutafuta hazifiki humo. Wiki ijayo mwingine atauliza swali hilohilo, na waliojibu mara ya kwanza wamechoka, wananyamaza. Maarifa yapo, watu wenye moyo wapo, lakini kila kizazi cha wasanidi kinaanza upya.

Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa Novemba 2022, mambo yamezidi kwenda kwa siri. Wasanidi wengi sasa huiuliza mashine, na maswali mapya kwenye Stack Overflow yamepungua sana. Sina ugomvi na zana hizo, natumia kila siku. Hata hivyo mashine ilijifunza kutokana na yale mazungumzo ya wazi. Ambacho hakikuandikwa hadharani haikukisoma, na ndiyo maana hubabaika ukiiuliza kuhusu mifumo ya malipo ya Tanzania au fomu za serikali zetu. Stack Overflow ina matawi ya Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani. La Kiswahili halipo, ingawa wasanidi wanaofikiri kwa Kiswahili wametapakaa kuanzia Mombasa hadi Lubumbashi, na jioni hueleza mambo magumu kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwa ujumbe wa sauti usioweza kutafutwa na mtu.

Kwa hiyo ninakuomba, wewe msanidi unayesoma sura hii. Tatizo utakalolitatua wiki hii, liandike. Nakili ujumbe wa hitilafu kama ulivyotokea, eleza ulijaribu nini kikashindikana, kisha kilichofanya kazi, kwa Kiswahili unachokizungumza na wenzako. Maandishi hayo yaweke mahali ambapo mtu asiyekujua anaweza kuyafikia bila kuomba ruhusa ya kuingia kundini. Na kijana atakapokuuliza swali hilohilo kwa mara ya kumi, mpe salamu na mtumie kiungo.